Baada ya Ruhusa: Wagonjwa wa Akili na Kazi Katika Unguja

Mtu aliyekulia mjini Unguja anaijua Kidongo Chekundu hata kama hajawahi kuvuka geti lake. Jina la mtaa huu wa Ng'ambo limegeuka tusi. Watu wakigombana huambiana warudi huko, na mtoto anayecheka peke yake hutishiwa kupelekwa huko. Hospitali yenyewe ilianzishwa zama za Himaya ya Uingereza, na hadi leo ndiyo hospitali pekee ya maradhi ya akili katika visiwa vyetu. Habari za wanaoingia humo zimezungumzwa sana, na nyingi si za haki. Makala haya yanawafuata wanaotoka.

Mgonjwa aliyetulia hupewa ruhusa. Anarudi kwao na kadi ya kliniki, na vidonge au miadi ya sindano ya kila mwezi. Siku ya kwanza majirani huja kumpa pole. Baada ya hapo kila mtu hushika njia yake, wa sokoni akaenda sokoni na wa skuli akaenda skuli, naye akabaki ukumbini na mikono mitupu. Mchana wa namna hiyo ukijirudia mwezi baada ya mwezi, dawa huanza kusahaulika, usingizi hupotea, na gari la kurudi Kidongo Chekundu huwa njiani. Swali la huyu mtu atafanya nini kutwa limejibiwa kwa njia nyingi katika pwani yetu kwa zaidi ya karne moja. Baadhi ya majibu hayo yalikuwa mazuri, na yaliachwa.

Kabla ya kuwapo hospitali, mgonjwa alikuwa mikononi mwa watu wake. Ukoo ulimwita mwalimu amsomee na amwandikie kombe, aya za Qur'an kwa wino wa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji akanywa. Wengine walikwenda kwa fundi wa pepo, na kama shetani alikuwa wa kibuki au wa kihabeshia, ngoma yake ilijulikana na vyakula vyake vilijulikana. Tiba hizi hazikwisha. Watafiti Tapio Nisula, Kjersti Larsen na Hanna Nieber wameandika kwa kirefu juu yake, kila mmoja kwa wakati wake.

Lakini jambo moja la maisha yale halikuitwa tiba na mtu yeyote, nalo ni kazi. Shamba na pwani vilikuwa na kazi za kila kimo. Karafuu zilihitaji kuchambuliwa vikonyo. Ukili ulisukwa kwa mikeka na makawa, makuti yalishonwa kwa mapaa, makumbi yalifukiwa pwani, yakafukuliwa, yakatwangwa, na usumba wake ukasokotwa kamba. Kazi hizi hufanywa watu wakiwa wameketi pamoja, na anayechoka huondoka akarudi baadaye bila kuharibu kitu. Mtu anayesikia sauti wasizozisikia wenzake angeweza kukaa katikati yao na chane zake za ukili. Siku mbaya angesuka kidogo, siku nzuri angemaliza. Hakuwa mfanyakazi bora, lakini alihesabiwa miongoni mwa waliofanya kazi.

Tusiyapambe maisha hayo. Aliyekuwa mkali alifungwa kamba au pingu, akafungiwa chumba cha uani. Na walikuwapo ambao hawakuwa na ukoo wowote wa kuwabeba. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja hadi 1897. Mtu aliyetekwa Nyasa au Manyema akiwa mtoto, akauzwa, akachoshwa mashambani na hatimaye akaharibikiwa na akili, hakuwa na mjomba wa kumwandikisha kombe. Alikuwa mtu wa barabarani. Kwa maoni yangu ndiyo sababu nyumba za kuwatunza wagonjwa wa akili zilianza katika pwani hii wakati uleule utumwa ulipokuwa unakatika, kwa kuwa ndipo watu wasio na jamaa walipoonekana kwa wingi.

Ushahidi wa wazi kabisa uko ng'ambo ya bahari, katika milima ya Usambara. Mwaka 1896 Waprotestanti wa Kijerumani walijenga kituo Lutindi, juu ya Korogwe, kwa ajili ya watoto waliookolewa katika utumwa. Watoto walipokua na wapya kupungua, nyumba ilipewa kazi nyingine. Ilipofika 1905 ilikuwa inapokea wagonjwa wa akili, na inahesabiwa kuwa hospitali ya kwanza ya maradhi hayo Afrika Mashariki. Mathari ya Nairobi ilifuata mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma mwaka 1927.

Walioiendesha Lutindi walitoka Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, kituo kilichoanzishwa mwaka 1867 kwa wagonjwa wa kifafa. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyekiongoza tangu 1872, aliamini kwamba mtu aliyekataliwa na jamii anahitaji kazi kabla ya sadaka. Imani hiyo ikapanda mlima hadi Usambara. Wagonjwa walilima, walichunga, walipika na kuchota maji, na chakula walichokula kilikuwa jasho lao. Lutindi ipo mpaka leo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na kazi za mikono na za shamba bado ni sehemu ya matibabu yake.

Napenda kuisifu Lutindi, lakini mwaka 1905 hauniruhusu kusifu bila kusita. Ndio mwaka Vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini, na moja ya sababu zake ilikuwa kulazimishwa kulima pamba katika mashamba ya serikali. Basi katika koloni moja, chini ya bendera moja, kulikuwa na jembe lililomtuliza mtu na jembe lililomfanya achukue silaha. Tofauti ilikuwa kama mtu aliitwa au alisukumwa, na kama mavuno yalimrudia. Kila mpango wa kazi kwa wagonjwa wa akili uliokuja baadaye umepimwa kwa kipimo hicho, wenyewe wakijua au wasijue.

Hospitali za serikali ya Kiingereza zilianza na nia nyingine. Shabaha ya kwanza ilikuwa kumwondoa barabarani mtu anayesumbua, na daktari alikuja baada ya polisi na hakimu. Ndani ya kuta hizo wagonjwa waliotulia walipewa ufagio, ndoo na jembe, kwa sababu wahudumu walikuwa wachache na nyumba ni kubwa. Kazi ile ilisaidia hospitali kuliko ilivyomsaidia mgonjwa, maana ustadi wa kudeki korido ndefu hauna soko kijijini. Jambo hili halikuwa la Afrika peke yake. Huko Trieste, Italia, wagonjwa walifanya usafi wa hospitali kwa miaka mingi bila mshahara, wakiambiwa ni matibabu. Mapema miaka ya 1970 daktari Franco Basaglia na wenzake waliwasaidia kuunda ushirika uliolipwa ujira halali kwa kazi ileile. Ufagio haukubadilika, ila sasa aliyeushika alikuwa na haki ya kudai malipo yake.

Mambo mawili ya miaka ya 1950 yalifungua mlango. La kwanza lilitoka Paris mwaka 1952, pale madaktari wa hospitali ya Sainte-Anne walipoonyesha kwamba klopromazini, dawa ambayo wengi wameijua kwa jina la Largactil, inaweza kumtuliza mgonjwa wa skizofrenia bila kumfunga. La pili lilitoka Afrika. Mwaka 1954 Dkt. Thomas Adeoye Lambo alianza mpango wake Aro, Abeokuta, nchini Nigeria. Mgonjwa alikuja na jamaa yake mmoja, wakapanga nyumba katika vijiji vilivyozunguka hospitali, akatibiwa asubuhi, na muda uliobaki akaishi na kufanya kazi pamoja na wanakijiji. Wenyeji walipata kodi na nguvu kazi, wagonjwa wakapata majirani.

Tanzania Bara ilipenda wazo hilo, na wakati wake ulikuwa mzuri. Azimio la Arusha lilipitishwa mwaka 1967, na taifa zima lilikuwa linazungumzia vijiji na kujitegemea. Vikaanzishwa vijiji vya utengamao vya kilimo kwa wagonjwa wa akili, kimojawapo Hombolo, karibu na Dodoma, na kingine Vikuruti, pembezoni mwa Dar es Salaam. Mgonjwa aliyetoka wodini alipita hapo akalima, akafuga, akajizoeza kuamka, kupika na kugawana zamu na wenzake kabla ya kurudi kwao. Ilikuwa hatua ya katikati, baina ya kitanda cha hospitali na ukumbi wa nyumbani. Mpango haukuenea nchi nzima kama waanzilishi walivyotaka, lakini ulionyesha kwamba jambo lenyewe linawezekana kwa fedha za nchi maskini.

Kwa nini Unguja haikuwa katika safari hiyo? Sababu mojawapo ni ya kiserikali tu. Muungano wa 1964 haukuifanya afya kuwa jambo la Muungano. Dodoma na Dar es Salaam walipanga yao, na Zanzibar ilibaki na wizara yake, bajeti yake na hospitali yake moja ya akili. Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu ya bure, na hiyo ilikuwa neema kubwa kwa familia za mashamba. Lakini kijiji cha utengamao hakikuvuka bahari. Unguja ilikuwa na wodi na ilikuwa na nyumba za watu, na katikati yake pakabaki patupu.

Pengo hilo lilizibwa na familia, na habari zake tunazo kwa kirefu kutokana na kazi ya mwanamke mmoja. Juli McGruder, mtaalamu wa tiba kwa kazi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Puget Sound nchini Marekani, alifanya utafiti wake Unguja katika miaka ya 1990. Tasnifu yake ya mwaka 1999 inahusu familia tatu za Kizanzibari zenye wagonjwa. Alikaa nao, akala nao, akaangalia siku zinavyokwenda. Miaka kumi na moja baadaye mwandishi Ethan Watters aliisimulia kazi hiyo katika kitabu kilichosomwa kwingi.

Kilichompeleka McGruder huko ni fumbo lililotokana na Shirika la Afya Duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika hilo lilianza kuwafuatilia wagonjwa 1,202 katika nchi 9, zikiwamo Nigeria, India, Denmark na Marekani. Baada ya miaka miwili, na tena baada ya mitano, wagonjwa wa skizofrenia wa nchi maskini walionekana kwa jumla kuwa na hali bora kuliko wa nchi tajiri. Wataalamu wamebishana kuhusu matokeo hayo hadi leo, na baadhi yao wanaona hesabu zile zilificha mateso ya watu wengi. Lakini swali lilikwishaulizwa: kuna nini katika maisha ya huku?

McGruder aliona kwamba katika nyumba za Unguja hasira dhidi ya mgonjwa ilikuwa ndogo kuliko alivyozoea kwao. Kama mgonjwa anasumbuliwa na shetani, halaumiwi yeye, na shetani anaweza kubembelezwa. Kama ugonjwa ni mtihani wa Mungu, kuubeba kwa subira kuna ujira wake. Mgonjwa akipata nafuu, hata ya wiki moja, alirudi kwenye shughuli za nyumba bila sherehe na bila mahojiano. Akiumwa tena, alijitenga, na hakuna aliyehisi amesalitiwa. Kwa macho ya mtaalamu wa tiba kwa kazi jambo hili lina thamani kubwa. Nyumba hizo zilikuwa na mlango wa kazi uliokaa wazi muda wote, mtu akaingia na kutoka kwa kadiri ya afya yake. Hospitali nyingi za ulimwengu zimetumia fedha nyingi kujaribu kuunda mlango kama huo.

Hapa nataka wasomaji wenzangu wa Unguja tuwe wakweli. Mlango ule ulitegemea uchumi ambao unaondoka. Kamba ya plastiki imeiua kamba ya usumba, na bati limechukua mahali pa makuti. Kilimo cha mwani, kilichoingia vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani mwaka 1989, kiliwapa wanawake fedha zao wenyewe, lakini kinafuata maji. Kina kupwa kwake, na aliyelemewa na usingizi wa dawa hawezi kuiomba bahari imsubiri. Hoteli zinataka mtu afike saa kamili, avae sare, atabasamu. Mjini, nyumba iliyokuwa na bibi, mashangazi na wajukuu kutwa nzima leo hufungwa kufuli asubuhi. Subira ya Wazanzibari haijaisha, lakini subira peke yake haimpi mtu kazi.

Na watu wameongezeka. Sensa ya 2002 ilihesabu Wazanzibari 984,625. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Hospitali ya akili bado ni moja.

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Wizara ilitunga sera ya afya ya akili, ikasomesha wauguzi na kuwapeleka wilayani, na habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 2011 na Rachel Jenkins pamoja na wenzake wa Zanzibar. Huduma za akili zimefika pia Makunduchi na Kivunge kwa ushirikiano na shirika la HIPZ la Uingereza. Kwa mgonjwa wa Makunduchi hili si jambo dogo, kwani mji uko zaidi ya kilomita 60, na nauli ya daladala ya watu wawili, mgonjwa na anayemsindikiza, ndiyo iliyokatiza dawa za wengi.

Na kuna funzo lililotoka kwa watu ambao hatukutarajia kujifunza kwao. Mwaka 2009 vijana waliokuwa wameacha heroini walifungua nyumba ya kwanza ya upataji nafuu Unguja, zile ambazo mitaani zinaitwa soba hausi. Wanaishi pamoja, wanapika kwa zamu, wanafua, wanafagia, wanakutana kuzungumza, na waliotangulia huwaongoza wapya. Hawakungoja jengo la serikali. Mwaka 2015 kliniki ya methadoni ilifunguliwa palepale Kidongo Chekundu. Basi kwa maradhi ya uraibu tumekwishaiona ile hatua ya katikati, tumeiona katika mitaa yetu wenyewe, ikiendeshwa na waliopona. Mgonjwa wa skizofrenia ana mahitaji tofauti, na kumchanganya humo ovyo kungekuwa kosa. Lakini mtu hawezi tena kusema kwamba Unguja haina pa kuanzia.

Ushahidi wa kitaalamu nao umekaribia nyumbani. Katika wilaya ya Sodo, Ethiopia, watafiti waliwafuatilia watu 166 wenye skizofrenia, na matokeo yakatoka mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health. Wote walipata matibabu katika vituo vya afya. Kundi moja liliongezewa utengamao wa kijamii. Watu wa kawaida wa huko huko, waliopewa mafunzo ya wiki chache, waliwatembelea majumbani, wakakaa na familia, wakazungumza na viongozi wa mtaa, na wakamsaidia mgonjwa kurudi kidogo kidogo kwenye shughuli zake. Baada ya mwaka mmoja, kundi hilo lilikuwa na uwezo zaidi wa kuendesha maisha yao kuliko waliopata dawa peke yake. Shirika la BasicNeeds, lililoanza mwaka 2000, lilikwishajenga mipango yake juu ya msingi huohuo, na lilifika Mtwara: dawa, kikundi cha wagonjwa na walezi, na riziki, vyote kwa pamoja.

Kinachofanya mipango hii ishike si siri. Kazi iwe ya kweli, yenye mnunuzi. Iwe na saa zinazoweza kupunguzwa wiki ambayo sindano imemlegeza mtu au mikono inatetemeka. Mwezi wa Ramadhani muuguzi apange upya nyakati za dawa pamoja na mgonjwa, asiachiwe kukisia. Malipo yaingie mkononi mwake, hata yawe madogo. Na awepo mtu mmoja wa kumtazama, ambaye akiona usingizi umepotea kwa siku tatu atampigia simu muuguzi kabla mambo hayajaharibika. Unguja ina masheha katika kila shehia, ina vyama vya ushirika, ina mashamba ya mboga na viungo yanayouza hotelini, ina mafundi seremala na washonaji wanaohitaji mikono. Tunayo sheria ya watu wenye ulemavu tangu 2006, na Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki zao mwaka 2009, mkataba unaotaja haki ya kazi waziwazi. Sheria hizo hazikumtenga mwenye ulemavu unaotokana na maradhi ya akili. Sisi ndio tumemsahau tunapozitumia.

Mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Nchi nyingi tajiri kuliko sisi hazijathubutu. Wengi wa wazee hao ndio wanaowalea watoto wao wakubwa waliougua, na wanajua kwamba wao hawatakuwapo siku zote. Serikali iliyoweza hilo inaweza kuwa na shamba moja na karakana moja Unguja kwa wanaotoka Kidongo Chekundu, yenye wataalamu wa tiba kwa kazi wanaolipwa na wauguzi wa wilaya wanaoifikia. Wizara ianze na wilaya moja. Na wewe mwenye duka, mwenye boti, mwenye cherehani mbili, usingoje wizara: nenda kwa sheha wako, muulize nani katika shehia yenu ametoka hospitali mwaka huu, kisha mpe asubuhi mbili za kazi kwa wiki, na umlipe.